Sos collect

Sos collect ni amri ya programu huria iitwayo sos, inayotumika katika mifumo ya uendeshaji ya Linux ili kukusanya ripoti za uchunguzi kutoka seva nyingi kwa pamoja. Msimamizi wa mfumo huandika amri hiyo mara moja katika terminali ya kompyuta yake. Programu huingia katika kila seva kwa itifaki ya SSH, huendesha huko amri ya `sos report`, huvuta faili la ripoti lililopatikana, kisha hufunga mafaili yote katika faili moja kubwa.

Ripoti hizo huwawezesha mafundi kutafuta chanzo cha hitilafu bila wao wenyewe kuingia katika seva zilizoharibika. Kwa sababu hiyo hutumiwa sana pale ambapo mwenye seva na fundi anayemsaidia wako mbali, pengine katika nchi tofauti.

Sos imeandikwa kwa lugha ya Python na inatolewa chini ya leseni ya GPL, toleo la 2. Inapatikana katika Red Hat Enterprise Linux, Fedora, CentOS, Debian, Ubuntu na mifumo mingine iliyotokana na hiyo.

## Historia

Zamani watumiaji wa mifumo ya kampuni ya Red Hat walikuwa na hati ya amri iliyoitwa *sysreport*. Kazi yake ilikuwa kunakili mafaili ya usanidi na matokeo ya amri chache, na kuyafunga pamoja ili yatumwe kwa mafundi. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na *sosreport*, ambayo iliandikwa upya kwa Python na kugawanywa katika vipande vidogo vinavyoitwa programu-jalizi. Katika Red Hat Enterprise Linux 4 mabadiliko hayo yalifika kwa toleo la 4.6.

Sosreport ilifanya kazi katika kompyuta moja tu, ile ilipoendeshwa. Kadiri huduma zilivyozidi kugawanywa katika seva nyingi, mafundi walilazimika kumwomba mteja arudie kazi ileile katika kila seva. Hapo ikaundwa programu nyingine ya pembeni iliyoitwa kwanza *clustersos*, kisha *sos-collector*, ya kuendesha sosreport katika seva nyingi na kukusanya matokeo.

Mwaka 2020 lilitoka toleo la 4.0 la sos. Katika toleo hilo kazi zilizokuwa zimetawanyika ziliunganishwa chini ya jina moja, kila kazi ikiwa amri ndogo:

* `sos report` hutengeneza ripoti ya kompyuta moja;
* `sos collect` hukusanya ripoti za kompyuta nyingi (ndiyo sos-collector ya zamani);
* `sos clean` huficha taarifa nyeti ndani ya ripoti.

Tangu toleo hilo sos huhitaji Python 3.

## Kwa nini ripoti za seva nyingi

Huduma moja ambayo mtumiaji huiona kama kitu kimoja, kwa mfano tovuti ya benki au mfumo wa matokeo ya mitihani, kwa kawaida hutegemea seva kadhaa. Moja hupokea maombi, nyingine huendesha programu, nyingine hutunza hifadhidata, na nyingine hukaa tayari kushika nafasi ya ile itakayoanguka. Hitilafu inayoonekana katika seva moja inaweza kuwa imeanzia katika nyingine.

Mfano unaojulikana vizuri ni wa makundi ya seva yanayosimamiwa na programu ya Pacemaker. Seva za kundi hilo, ambazo kila moja huitwa nodi, huwasiliana muda wote kwa njia ya programu ya Corosync ili kila moja ijue kwamba wenzake wako hai. Nodi moja ikinyamaza kupita muda uliowekwa, zilizobaki huizima kwa nguvu ili isije ikaandika katika diski ya pamoja huku nodi nyingine ikiandika pia, jambo ambalo lingeharibu data.

Baada ya tukio kama hilo, fundi akiangalia ripoti ya nodi iliyozimwa peke yake mara nyingi haoni kitu. Kumbukumbu zake za matukio hukatika ghafla, kwa kuwa mashine ilikatiwa umeme bila kupewa nafasi ya kuandika neno la mwisho. Sababu ya kuzimwa iko katika kumbukumbu za nodi zilizobaki, ambako imeandikwa ni saa ngapi mawasiliano yalipotea na ni nodi ipi iliyotoa amri ya kuzima. Aliye na ripoti moja tu anaweza kubadilisha mashine isiyo na kosa, na wiki inayofuata hitilafu ikarudi ileile.

Sababu ya pili ni muda. Katika mifumo ambayo kumbukumbu za huduma ya journald hutunzwa ndani ya `/run/log/journal`, yaani katika RAM na si katika diski, kuwasha upya seva hufuta ushahidi wote wa nyuma. Hali ya michakato, miunganisho ya mtandao na matumizi ya RAM nayo hupotea mara seva inapozimwa. Kwa hiyo ripoti zinazokusanywa mapema, na kwa wakati unaokaribiana, zina thamani kubwa kuliko zile zinazochukuliwa moja moja kwa siku kadhaa.

## Yaliyomo katika ripoti moja

Kabla ya kueleza ukusanyaji ni vema kufahamu kinachokusanywa. Amri ya `sos report` huendesha programu-jalizi, ambazo jumla yake ni mamia. Kila moja inahusika na sehemu maalumu ya mfumo: kiini cha Linux, mtandao, diski, RAM, hifadhidata fulani, seva ya wavuti na kadhalika. Programu-jalizi nyingi hujiwasha zenyewe pale tu zinapotambua kwamba kifurushi au huduma zinayoishughulikia ipo katika seva. Orodha yake huonekana kwa kuandika:

```
sos report -l
```

Programu-jalizi hufanya mambo mawili makubwa: hunakili mafaili ya usanidi na kumbukumbu za matukio, na huendesha amri za uchunguzi na kuhifadhi majibu yake. Hazibadilishi usanidi wa seva wala hazitengenezi kilichoharibika.

Matokeo hufungwa katika faili lililofinywa ambalo jina lake huanza na `sosreport`, likifuatwa na jina la seva, tarehe na herufi za kubahatisha. Kwa kawaida huwekwa katika saraka ya `/var/tmp`. Pembeni yake huandikwa thamani ya hakiki ya SHA-256, ambayo humwezesha mpokeaji kuthibitisha kwamba faili halikuharibika njiani. Likifunguliwa huonekana saraka hizi:

* `etc`, `proc`, `var` na nyinginezo: nakala za mafaili yaliyotoka katika saraka zenye majina hayohayo;
* `sos_commands`: majibu ya amri, yakipangwa kwa jina la programu-jalizi;
* `sos_logs`: kumbukumbu za kazi ya sos yenyewe, zikiwemo hitilafu zilizojitokeza wakati wa kukusanya;
* `sos_reports`: muhtasari wa yaliyokusanywa.

Ili ripoti isiwe kubwa kupita kiasi, kumbukumbu za matukio hukatwa zinapofikia ukubwa fulani, ambao kwa kawaida ni MB 25 kwa kila mkusanyo wa mafaili. Kinachobaki ni sehemu ya mwisho, yaani ya karibuni zaidi. Chaguo la `--log-size` hubadilisha kikomo hicho, na `--all-logs` hukiondoa.

## Namna inavyofanya kazi

Kazi ya sos collect hupitia hatua tano.

1. Kupata orodha ya seva. Orodha hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni msimamizi kuzitaja mwenyewe kwa chaguo la `--nodes`, majina au anwani za IP zikitenganishwa kwa mkato. Ya pili ni kuitaja seva moja tu ya kundi kwa chaguo la `--primary`. Sos collect huingia kwanza katika seva hiyo, hutambua ni kundi la aina gani, kisha huiuliza majina ya wenzake. Kama `--primary` haikutajwa, programu huchukulia kwamba kompyuta inayoendesha amri ni mmojawapo wa kundi.

2. Kuonyesha orodha na kusubiri kibali. Majina yaliyopatikana huandikwa katika skrini, na msimamizi huulizwa kama aendelee. Hatua hii isipitwe haraka, kwani ndipo inapoonekana kama kuna seva iliyosahaulika au iliyoingia kimakosa. Chaguo la `--batch` huondoa maswali yote, na hufaa kwa kazi zinazojiendesha zenyewe.

3. Kuunganika. Programu hufungua muunganisho kwa kila seva na kuangalia kama sos imo, ni toleo gani, na ni programu-jalizi zipi zilizopo. Seva ikiwa na toleo la zamani lisilofahamu chaguo fulani, amri ya seva hiyo hurekebishwa. Seva isiyofikika huachwa na nyingine huendelea.

4. Kuendesha ripoti kwa sambamba. Kwa kawaida seva nne hushughulikiwa kwa wakati mmoja. Moja ikimaliza, inayofuata huanza. Idadi hiyo hubadilishwa kwa chaguo la `--jobs`, au kwa kifupi `-j`.

5. Kuvuta na kufunga. Kila ripoti inapokamilika hunakiliwa hadi kwenye kompyuta ya msimamizi, na nakala iliyoko kwenye seva hufutwa ili isijaze diski. Mwishoni ripoti zote, pamoja na kumbukumbu za kazi ya ukusanyaji, hufungwa katika faili moja ambalo jina lake huanza na `sos-collector`. Skrini huonyesha ni ripoti ngapi zimepatikana kati ya ngapi zilizotakiwa, na mahali faili lilipo.

### Aina za makundi zinazotambuliwa

Kila aina ya kundi ina sehemu yake ndani ya programu inayojua namna ya kuuliza majina ya nodi. Miongoni mwake ni:

* pacemaker: makundi yaliyoelezwa hapo juu;
* kubernetes na ocp: mifumo ya kuendesha kontena, ambapo majina huulizwa kwa amri za `kubectl` na `oc`;
* ovirt: mfumo wa kompyuta pepe, ambapo majina hutoka katika hifadhidata ya seva inayouongoza;
* ceph: hifadhi ya data iliyosambazwa katika seva nyingi;
* satellite: mfumo wa Red Hat wa kusimamia seva nyingi;
* jbon: hii si kundi la kweli. Hutumika pale ambapo seva hazina uhusiano wowote wa kiprogramu isipokuwa kwamba msimamizi amezitaja pamoja.

Aina ikishindwa kutambuliwa yenyewe, hutajwa kwa `--cluster-type`. Baadhi ya aina zina machaguo yake, ambayo hutolewa kwa `-c`. Kwa mfano, katika ovirt mtu anaweza kuchukua seva za sehemu moja tu ya mfumo badala ya zote. Machaguo yaliyopo huorodheshwa kwa kuandika `sos collect -l`.

### Njia ya kuunganika na mamlaka

Kwa kawaida sos collect hutumia programu ya OpenSSH iliyomo katika kompyuta, pamoja na uwezo wake uitwao ControlPersist, ambao huacha muunganisho mmoja wazi ili amri zote zinazofuata zipite humo bila kuomba nywila upya.

Njia inayopendekezwa ni kutumia funguo za SSH zilizokwisha kuwekwa katika seva zote. Pasipo funguo, chaguo la `--password` humwuliza msimamizi nywila moja itakayotumika kwa seva zote, na `--password-per-node` humwuliza nywila ya kila seva.

Ripoti kamili huhitaji mamlaka ya mtumiaji mkuu, yaani root. Ikiwa root haruhusiwi kuingia kwa SSH, kama inavyoshauriwa kwa usalama, msimamizi huingia kwa jina lake kwa chaguo la `--ssh-user`, na programu hutumia `sudo` kuendesha ripoti. Kwenye kompyuta ya msimamizi mwenyewe si lazima awe root, isipokuwa kama ripoti ya kompyuta hiyo nayo inatakiwa.

## Mifano ya matumizi

Kukusanya ripoti za seva tatu zilizotajwa kwa majina, bila ya kompyuta ya msimamizi kuhesabiwa:

```
sos collect --nodes=seva1,seva2,seva3 --no-local
```

Kukusanya ripoti za kundi zima la Pacemaker kwa kuitaja nodi moja, kwa kuingia na jina la mtumiaji wa kawaida:

```
sos collect --primary=nodi1 --cluster-type=pacemaker --ssh-user=msimamizi
```

Kuchukua programu-jalizi tatu tu badala ya ripoti kamili, pale ambapo tatizo linajulikana kuwa la mtandao:

```
sos collect --nodes=seva1,seva2 -o networking,kernel,logs
```

Kukusanya na kuficha taarifa nyeti papo hapo:

```
sos collect --primary=nodi1 --clean
```

Orodha ya seva inayotumika mara kwa mara inaweza kuhifadhiwa kwa jina kwa chaguo la `--save-group`, na baadaye kuitwa kwa `--group`. Machaguo mengine ya kudumu huandikwa katika faili la `/etc/sos/sos.conf`.

## Muda na mzigo

Kwa kuwa seva hushughulikiwa kwa mafungu, muda wa kazi nzima hukadiriwa kwa hesabu rahisi: idadi ya seva hugawanywa kwa idadi ya kazi za sambamba, kisha jibu huzidishwa kwa muda wa ripoti moja. Tuseme seva ni 12, kazi za sambamba ni 4, na kila ripoti huchukua dakika 5. Mafungu yatakuwa 3, na kazi nzima itachukua takriban dakika 15. Kwa kufanya seva zote 12 kwa pamoja (`-j 12`) muda ungekaribia dakika 5.

Hata hivyo kuongeza idadi hiyo kuna gharama. Ripoti hutumia diski na kichakato cha seva kwa dakika kadhaa, na kama nodi zote zinatumia hifadhi moja ya pamoja, zote zitaisoma kwa wakati uleule. Kundi lililokwisha kuelemewa linaweza kuelemewa zaidi. Vilevile kompyuta ya msimamizi inahitaji nafasi ya diski ya kutosha kwa ripoti zote pamoja na faili la mwisho. Ikiwa kila ripoti ina MB 200, ripoti 12 zitachukua MB 2400 kabla ya kufungwa.

Seva inayokawia kupita kiasi hukatizwa ili isizuie nyingine. Muda wa kusubiri hupangwa kwa `--timeout`, kwa sekunde. Seva zenye kumbukumbu nyingi au diski za polepole mara nyingi huhitaji muda mrefu kuliko ule wa kawaida, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupata ripoti pungufu ya zilizotarajiwa.

## Saa za seva

Ripoti za seva nyingi hulinganishwa kwa kufuata saa ya kila tukio. Ikiwa saa za seva zinatofautiana hata kwa sekunde chache, mpangilio wa matukio hugeuka, na kilichotangulia huonekana kama kimefuata. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia katika ripoti ni hali ya huduma inayolinganisha saa, kwa mfano chrony, ambayo majibu yake huwekwa ndani ya `sos_commands`.

Jambo la pili ni ukanda wa saa. Seva nyingi hupangwa katika saa za ulimwengu (UTC), wakati Afrika Mashariki iko saa 3 mbele. Mtumiaji wa Dar es Salaam au Nairobi akisema huduma ilikatika saa tatu asubuhi, anamaanisha 09:00 kwa saa ya hapo, na katika kumbukumbu za seva yenye UTC tukio hilo litaandikwa 06:00. Ni vema anayetuma ripoti aandike saa ya tukio kwa tarakimu na ataje ukanda wake, hasa anapomwandikia fundi asiyejua saa za Kiswahili.

## Faragha na usalama

Ripoti ya sos hubeba mambo mengi kuhusu taasisi: majina ya seva, anwani za IP, majina ya watumiaji, orodha ya programu na matoleo yake, ramani ya mtandao na vipande vya kumbukumbu. Mkusanyiko wa sos collect hubeba hayo yote kwa kundi zima. Mtu mwenye nia mbaya akiupata, huwa amepata mchoro kamili wa nyumba na mahali madirisha yalipo.

Programu-jalizi huondoa nywila na funguo katika sehemu zinazofahamika kuwa nazo, na faili la ripoti huwekwa ruhusa ya kusomwa na mwenyewe tu. Lakini nywila iliyoandikwa mahali pasipotarajiwa, kwa mfano ndani ya amri inayoonekana katika orodha ya michakato, inaweza kupita.

Kwa ulinzi zaidi kuna `sos clean`, ambayo hubadilisha taarifa nyeti kwa maneno bandia:

* anwani za IP hubadilishwa kwa anwani bandia, na zile zilizokuwa katika mtandao mmoja hubaki pamoja katika mtandao mmoja bandia;
* majina ya seva huwa `host0`, `host1` na kuendelea;
* majina ya watumiaji huwa `obfuscateduser0` na kuendelea;
* anwani za MAC hubadilishwa kwa anwani zinazoanza na `53:4f:53`, ambazo ni herufi S, O, S katika msimbo wa ASCII;
* maneno mengine, kama jina la mradi au la mteja, hufichwa yakitajwa kwa chaguo la `--keywords`.

Neno moja hubadilishwa kwa namna ileile katika ripoti zote. Hili ni muhimu kwa ripoti za seva nyingi, kwa kuwa bila hilo fundi asingeweza kutambua kwamba `host1` anayelalamikiwa katika ripoti ya kwanza ndiye mwenye ripoti ya pili. Jedwali la kubadilishia hubaki kwa msimamizi, na nakala yake hutunzwa katika `/etc/sos/cleaner/default_mapping`. Jedwali hilo lisitumwe pamoja na ripoti, kwani aliye nalo anaweza kurudisha majina yote ya asili. Msimamizi kwa upande wake hulihitaji pale fundi anapomjibu kwamba tatizo liko katika `host1`.

Katika `sos collect --clean` ufichaji hufanyika kwenye kompyuta ya msimamizi, baada ya ripoti kufika. Kwa hiyo ripoti husafiri kutoka seva hadi kwake zikiwa na majina ya kweli, ingawa ndani ya muunganisho wa SSH uliosimbwa. Kompyuta hiyo inapaswa kuwa salama.

Ufichaji haupati kila kitu. Anayetuma anapaswa kuifungua ripoti na kutafuta ndani yake maneno anayojua kuwa ni siri. Mahali ambapo ripoti inaweza kuwa na taarifa za watu, sheria nazo zinahusika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinagusa usafirishaji wa taarifa hizo nje ya nchi.

## Mapungufu

* Sos lazima iwe imewekwa tayari katika kila seva. Seva iliyokatika mtandao au isiyokubali SSH haiwezi kufikiwa, na mara nyingi hiyo ndiyo iliyoharibika. Ripoti yake huchukuliwa kwa mkono kwa `sos report` katika skrini ya seva yenyewe.
* Ripoti huonyesha hali ya wakati ilipochukuliwa pamoja na kumbukumbu za nyuma. Tatizo la muda mfupi lisiloacha alama katika kumbukumbu halitaonekana.
* Kumbukumbu zilizokatwa kwa sababu ya ukubwa huenda zikakosa siku ya tukio, hasa ripoti ikichukuliwa siku nyingi baadaye.
* Ripoti hazichukuliwi katika nukta moja. Seva za fungu la mwisho huwa na picha ya dakika kadhaa baada ya zile za kwanza.
* Sos collect hukusanya tu. Kusoma na kutafsiri yaliyomo ni kazi ya fundi.

## Zana nyingine

Katika mifumo ya SUSE kazi inayofanana na `sos report` hufanywa na programu ya *supportconfig*. Makundi ya Pacemaker yana zana yake ya `crm report`, ambayo nayo hukusanya kumbukumbu kutoka nodi zote kwa SSH. Katika OpenShift hutumika `oc adm must-gather`, ambayo huchukua taarifa za kundi lenyewe la kontena zaidi ya zile za mfumo wa uendeshaji wa kila nodi. Ansible inaweza kuendesha amri yoyote katika seva nyingi na kuvuta mafaili, lakini msimamizi hulazimika kuandika hatua zote mwenyewe.

Taasisi nyingi pia hupeleka kumbukumbu za seva zote katika seva moja ya kati kwa programu kama rsyslog. Utaratibu huo husaidia pale seva inapokufa kabisa, kwa kuwa maneno yake ya mwisho huwa yamekwisha kufika mahali pengine. Hata hivyo hauchukui mafaili ya usanidi wala majibu ya amri za uchunguzi, na ndiyo maana huenda sambamba na sos collect badala ya kushika nafasi yake.